Upasuaji wa Miksoma za Moyo kwa Mgonjwa wa Ugonjwa wa Carney: Mwongozo kwa Timu ya Moyo

Miksoma ni uvimbe laini unaoota kwenye utando wa ndani wa moyo. Kwa wagonjwa wengi wanaoupata, uvimbe huwa mmoja tu, hukaa katika atiria (chumba cha juu cha moyo) ya kushoto ukiwa umeshikamana na ukuta unaotenganisha atiria mbili, humpata mtu wa makamo, mwanamke mara nyingi kuliko mwanamume, na ukishaondolewa vizuri ni nadra kurudi. Mgonjwa aliyerithi ugonjwa wa Carney haingii katika sura hiyo. Anaweza kuwa mtoto wa shule, awe wa kike au wa kiume. Uvimbe unaweza kuwa katika chumba chochote kati ya vinne vya moyo. Unaweza kuwa zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja. Na hata baada ya upasuaji uliofanywa kwa ustadi, mwingine unaweza kuota miaka kadhaa baadaye, mahali ambapo kisu hakikugusa kabisa. Timu inayomhudumia kana kwamba ana miksoma ya kawaida huweza kutoa uvimbe mmoja na kuuacha wa pili ndani, au kuutoa vizuri kisha ikamruhusu mgonjwa aende zake bila miadi, hadi aletwe tena akiwa amepooza upande mmoja.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya madaktari, wauguzi na wataalamu wa usingizi wanaokutana na mgonjwa wa namna hii, na pia kwa jamaa wanaotaka kuelewa kinachofanyika, ingawa hauwezi kuchukua nafasi ya mafunzo ya mikono chini ya mpasuaji mzoefu. Msimamo wake ni kwamba upasuaji wa kwanza wa mgonjwa wa Carney upangwe tangu siku ya kwanza kama wa kwanza kati ya kadhaa, kwa kuwa uamuzi mwingi unaofanywa mezani hubadilika pale mpasuaji anapojua kwamba yeye au mwenzake huenda akalazimika kukifungua tena kifua kilekile.

Kumtambua mgonjwa kabla ya kumpasua

Ugonjwa huu umepewa jina la Dkt. J. Aidan Carney, mwanapatholojia wa Mayo Clinic mjini Rochester, Minnesota, ambaye mwaka 1985 yeye na wenzake walionyesha kwamba miksoma, vidoa vya ngozi na tezi zinazofanya kazi kupita kiasi ni mambo yanayokwenda pamoja ndani ya mtu mmoja na ndani ya familia moja. Kabla ya hapo wagonjwa hao walikuwa wakiandikwa katika majarida chini ya vifupisho NAME na LAMB, kana kwamba ni magonjwa mawili tofauti. Usiuchanganye na kundi lingine la vimbe linaloitwa utatu wa Carney, ambalo linahusu tumbo, mapafu na paraganglia, yaani vikundi vidogo vya seli za mfumo wa fahamu, wala halina uhusiano na miksoma za moyo.

Mwaka 2000 watafiti waligundua kwamba wagonjwa wengi wana hitilafu katika jeni PRKAR1A iliyo kwenye kromosomu ya 17. Jeni hiyo huunda protini inayofanya kazi ya breki kwa kimeng'enya kiitwacho kinasi A, na breki hiyo ikilegea seli hugawanyika na tezi humwaga homoni bila kujizuia. Inatosha mtu kurithi nakala moja mbovu kutoka kwa baba au mama, hivyo kila mtoto wa mgonjwa ana uwezekano wa asilimia 50 wa kuipata. Takriban asilimia 70 ya wagonjwa wameirithi, na waliobaki hitilafu imeanza kwao wenyewe, jambo linalomaanisha kwamba kukosa historia ya familia hakuondoi ugonjwa. Kwa mpasuaji, la kushika hapa ni kwamba nakala mbovu imo katika kila seli ya moyo. Uvimbe unaorudi si lazima uwe mzizi uliosahaulika. Mara nyingi ni uvimbe mpya kabisa.

Miksoma za moyo huwapata kati ya asilimia 30 na 40 ya wagonjwa hawa, na ndizo zinazosababisha zaidi ya nusu ya vifo vinavyotokana na ugonjwa wenyewe. Kwa hiyo kila anayegunduliwa kuwa na miksoma akiwa kijana, au akiwa na miksoma mbili, au akiwa nayo nje ya atiria ya kushoto, au iliyorudi, achukuliwe kuwa na ugonjwa wa Carney mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mkague ngozi kwenye mwanga mzuri. Vidoa vya rangi ya kahawia au nyeusi, vidogo kuliko nusu sentimita, hutokea hasa kwenye kingo za midomo, kwenye pembe za ndani za macho na sehemu za siri. Kwenye ngozi nyeusi vidoa hivi havijitokezi kirahisi na pengine huinuka kidogo vikafanana na masundosundo au baka la kuzaliwa, kwa hiyo daktari anayetazama uso kwa haraka atavipita. Huongezeka wakati wa kubalehe na hufifia mtu anapozidi kuwa mtu mzima. Kwa mgonjwa wa miaka hamsini, picha zake za ujanani zinaweza kusema zaidi kuliko uso wake wa leo.

Ulizia pia mambo ambayo mgonjwa hatayahusisha na moyo: kunenepa uso na tumbo huku mikono na miguu ikikonda, michirizi ya zambarau tumboni, presha na kisukari katika umri mdogo, viatu na pete zisizoenea tena kwa mtu aliyekwisha kukoma kukua, uvimbe wa korodani kwa mvulana, vinundu kwenye tezi ya shingo. Katika familia, uliza kuhusu ndugu aliyefariki ghafla akiwa kijana au aliyepata kiharusi kabla ya wakati wake. Kwa kauli ya kitabibu, utambuzi hukamilika mgonjwa akiwa na dalili kuu mbili, au akiwa na moja pamoja na hitilafu ya jeni iliyothibitishwa au mzazi, ndugu wa tumbo moja au mtoto mwenye ugonjwa huo.

Katika Afrika Mashariki kuna mtego wa ziada. Miksoma ya atiria ya kushoto huweza kuangukia kwenye tundu la vali ya mitrali, mlango kati ya atiria ya kushoto na chumba cha chini yake, kila moyo unapopumzika, ikatoa sauti inayofanana sana na ile ya vali iliyosinyaa kwa sababu ya homa ya rumatizimu, ugonjwa ambao bado unawapata vijana wetu wengi. Homa ndogondogo, kupungua uzito na ESR (kipimo cha damu cha kuonyesha uvimbemoto) iliyopanda, ambavyo miksoma huvisababisha, huwapeleka wengine kwenye matibabu ya kifua kikuu au ya maambukizi ya vali. Stethoskopu haiwezi kutenganisha haya. Eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, inaweza, na huchukua dakika chache. Dalili moja ya kusikiliza kwa makini ni ile ya kizunguzungu au kuzirai kunakobadilika kulingana na jinsi mgonjwa anavyolala au kuinuka, kwa sababu uvimbe wenye kikonyo hujongea.

Vipimo kabla ya upasuaji

Eko ya kifuani ndiyo ya kwanza, na atakayeifanya aambiwe mapema kwamba anatafuta katika vyumba vyote vinne, kwani macho yaliyokwisha kuuona uvimbe mkubwa atiria ya kushoto huridhika upesi. Eko ya kupitia umio ifuate, maana huonyesha vizuri zaidi ukuta wa kati, kijimfuko cha atiria na vimbe vidogo. Palipo na MRI ya moyo ifanyike, hasa pale ambapo kuna kitu katika ventrikali (chumba cha chini cha moyo) kisichoeleweka kama ni damu iliyoganda au ni miksoma. Kwa mgonjwa aliyekwisha kupasuliwa, CT ya kifua si ya hiari: pima umbali kati ya mfupa wa kidari na ventrikali ya kulia, na pia kati ya mfupa huo na aota, mshipa mkuu unaotoa damu moyoni. Ripoti ya mwisho iwe na mchoro wa moyo ulioandikwa namba ya kila uvimbe, mahali uliposhikia na ukubwa wake. Mchoro huo utabandikwa ukutani katika chumba cha upasuaji, na kila namba itafutwa pale tu kitu chenyewe kitakapokuwa ndani ya chupa.

Mrija wa kupima mishipa ya moyo usipitishwe ndani ya chumba chenye uvimbe. Kama mgonjwa ni wa umri unaohitaji mishipa ya korona ichunguzwe, CT ya mishipa hiyo hutosha kwa wengi. Aliyepata kiharusi au hata ganzi ya muda mfupi apigwe picha ya ubongo kwanza, kwa kuwa heparini (dawa ya kuzuia damu kuganda) nyingi itakayotumika kwenye mashine ya moyo na mapafu inaweza kugeuza kiharusi cha kuziba kuwa cha kutoka damu.

Tezi ndizo zinazosahaulika, na ndizo zinazoweza kumuua mgonjwa siku ya pili baada ya upasuaji mzuri. Vinundu vyeusi vya tezi za adrenali, zilizo juu ya figo, humwaga kotisoli (homoni ya msongo) kupita kiasi kwa sehemu kubwa ya wagonjwa wa Carney, nayo kotisoli hulegeza mifupa, huchelewesha vidonda kupona na hualika maambukizi. Pima kotisoli ya usiku, sukari, potasiamu na homoni zinazohusu ukuaji, kisha mshirikishe daktari wa homoni kabla ya tarehe kupangwa. Mgonjwa aliyekwisha kuondolewa tezi zote mbili za adrenali hana uwezo wa kujitengenezea kotisoli anapokuwa kwenye msongo, kwa hiyo apewe haidrokotisoni ya mshipa, kwa mtu mzima miligramu 100 anapolazwa usingizi na kisha miligramu 200 katika kila saa 24 hadi atakapoweza kumeza dozi iliyoongezwa. Mwenye homoni ya ukuaji iliyozidi huwa na ulimi mkubwa na taya pana. Daktari wa usingizi amwone mapema na aandae vifaa vya njia ngumu ya hewa.

Swali la kipi kitangulie, moyo au adrenali, huulizwa kila mara. Kwa maoni yangu moyo utangulie, isipokuwa mgonjwa wa Cushing, yaani wa kotisoli iliyozidi mwilini, aliye katika hali mbaya sana kiasi kwamba kidari chake hakitaunga, na hata huyo apewe kwanza dawa za kushusha kotisoli kwa muda mfupi huku akiwa wodini chini ya uangalizi. Miksoma haina adabu ya kusubiri. Ikishaonekana, mgonjwa asiachwe aende nyumbani kungoja zamu ya miezi. Kipande kinaweza kumeguka wakati wowote kikaenda kwenye ubongo, figo au mguu, na kikitoka upande wa kulia kikaenda mapafuni. Dawa za kuyeyusha au kuzuia damu kuganda hazizuii hilo kwa uhakika, kwa kuwa kinachomeguka ni uvimbe wenyewe. Kituo kisicho na mashine ya moyo na mapafu kimpeleke mgonjwa kwenye kituo kilicho nayo, kama vile Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam, Uganda Heart Institute jijini Kampala au Hospitali ya Tenwek huko Bomet, na picha zake zitangulie kwa simu kabla ya gari kuondoka.

Mezani

Mwaka 1954 jijini Stockholm, Clarence Crafoord alifaulu kwa mara ya kwanza kuondoa miksoma ya atiria kwa kutumia mashine ya moyo na mapafu. Vifaa vimebadilika sana tangu hapo, lakini sheria iliyo juu ya zote imebaki: moyo usishikweshikwe kabla ya aota kubanwa.

Hatari huanza kabla ya kisu. Mgonjwa mwenye uvimbe mkubwa anaweza kuporomoka presha mara anapolazwa chali na dawa za usingizi zinapolegeza mishipa, kwa hiyo mpasuaji na mwendesha mashine wawe wamekwisha kuvaa na kuwa tayari wakati mgonjwa anapolazwa. Maji ya mshipa yatoshe, mapigo yasiachwe yakimbie. Kama kuna uvimbe atiria ya kulia, waya wa mrija wa mshipa mkuu usisukumwe hadi moyoni. Kipimo cha urefu wake kishikwe kwa vidole tangu mwanzo. Eko ya kupitia umio iwekwe baada ya usingizi na irudie kuhesabu miksoma zote, kwa sababu wiki moja au mbili zinatosha kufanya moja imeguke na kutoweka, au nyingine iliyojificha ionekane.

Kwa upasuaji wa kwanza, njia ya kupasua mfupa wa kidari katikati ndiyo inayofaa zaidi kwa mgonjwa wa Carney, kwani hufikisha mkono kwenye vyumba vyote. Tundu dogo la upande wa kulia wa kifua linavutia, na kwa uvimbe mmoja wa atiria ya kushoto linafanya kazi vizuri, lakini halimpi mpasuaji uhuru wa kukagua ventrikali zote mbili kwa utulivu. Baada ya mfuko wa moyo kufunguliwa, toa heparini, vizio 300 hadi 400 kwa kila kilo ya uzito, na hakikisha ACT, kipimo cha muda wa damu kuganda, imepita sekunde 480. Mrija wa aota uwekwe kwanza. Vena kava ya juu, mmoja wa mishipa miwili mikuu inayorudisha damu moyoni, itobolewe moja kwa moja, juu kabisa, kwa mrija uliopinda, na ya chini itobolewe karibu na kiwambo cha tumbo, ili mrija wowote usipite ndani ya atiria. Ikiwa uvimbe wa kulia umekaribia tundu la vena kava ya chini, tumia mshipa wa paja. Mrija wa kupitisha kadioplejia, maji ya dawa ya kuusimamisha moyo, kwa njia ya nyuma usisukumwe kwa kubahatisha ndani ya atiria yenye uvimbe. Kadioplejia ya kupitia kwenye shina la aota inatosha kuanzia. Mashine ianze, aota ibanwe, moyo usimamishwe. Sasa ndipo moyo unaweza kuinuliwa.

Fungua atiria zote mbili. Hata pale eko inapoonyesha uvimbe upande mmoja, kwa mgonjwa huyu ufunguzi wa upande mmoja ni uchumi wa dakika chache unaoweza kugharimu upasuaji mwingine. Anza na atiria ya kulia, kisha ukuta wa kati ukatwe kwenye sehemu yake nyembamba, fosa ovale, huku ukichungulia upande wa kushoto kupitia mkato wa pili karibu na mishipa ya mapafu, ili kisu kisipite katikati ya kikonyo cha uvimbe. Miksoma yenyewe hutazamika kama ute ulioganda, wa rangi ya kijivu au njano yenye madoa ya damu, na ile yenye vidole vidole hukatika kwa kuguswa tu. Usiivute kwa koleo. Shika kipande cha ukuta kilichozunguka kikonyo, kata ukuta huo wote kwa unene wake, ukiacha ukingo wa nusu sentimita hadi sentimita moja pande zote, na uuache uvimbe utoke wenyewe ukifuata kipande ulichokishika, huku msaidizi akiwa na kijiko au chachi chini yake. Kifyonza kinachorudisha damu kwenye mashine kifungwe wakati huo. Tumia cha ukutani ambacho damu yake hutupwa.

Kuhusu ukingo, kuna jambo linalohitaji busara. Kwa miksoma ya kawaida ukingo mpana ndio kinga dhidi ya kurudi, na kiwango cha kurudi ni asilimia 1 hadi 3. Kwa ugonjwa wa Carney kiwango hicho hufika asilimia 20 na hata kuzidi, na sehemu kubwa ya ziada hiyo haitokani na ukingo bali na vimbe vipya. Kwa hiyo toa mzizi kikamilifu, lakini usiharibu vali nzima wala usiuchimbe ukuta ulio karibu na nodi inayopeleka umeme kwenye ventrikali ili tu kupata milimita mbili zaidi. Mgonjwa wa miaka kumi na minne aliyewekewa betri ya moyo kwa sababu hiyo ataibeba maisha yote, na uvimbe unaofuata unaweza kuota kwingine kabisa. Karibu na nodi hiyo na kwenye ventrikali, inatosha kukata utando wa ndani pamoja na tabaka jembamba la msuli chini ya kikonyo. Uvimbe wa ventrikali uendewe kupitia vali, ya mitrali au ya triskapidi, au kupitia vali ya aota ukiwa juu ya mlango wa kutokea. Ukuta wa ventrikali usipasuliwe ila pale ambapo hakuna njia nyingine. Kamera nyembamba ya kuchungulia kifua, ikipitishwa kwenye vali, huonyesha vizuri pembe ambazo jicho halifiki, hasa kwenye ncha ya ventrikali na kati ya nyuzi za misuli yake.

Baada ya uvimbe wa mwisho kutoka, rudi kwenye mchoro wa ukutani. Muuguzi asome namba, mpasuaji ajibu mahali, na chupa ionyeshwe. Kila miksoma iwekwe kwenye chupa yake yenye jina la chumba ilikotoka, isiwe zote katika chupa moja, kwa sababu miaka ijayo mtu atataka kujua kama uvimbe mpya umeota mahali palepale. Kisha kagua tena kijimfuko cha atiria ya kushoto, midomo ya mishipa ya mapafu na uso wa chini wa vali zote, na uoshe vyumba kwa maji ya chumvi baridi huku kifyonza cha ukutani kikiendelea kufanya kazi. Vali ya mitrali ijazwe maji ionekane kama inafunga. Uvimbe mkubwa uliokuwa ukiipigapiga kwa muda mrefu unaweza kuwa umeipanua pete yake au kukwangua majani yake, na ni afadhali kuitengeneza kuliko kuibadilisha, kwani kijana mwenye vali ya chuma atakuwa na dawa za kuzuia damu kuganda katika kila upasuaji utakaofuata.

Tundu la ukuta wa kati lifunikwe kwa kiraka. Wapasuaji wengi hukata kipande cha mfuko wa moyo wa mgonjwa mwenyewe, nacho ni kizuri. Ila kwa mgonjwa wa Carney napendelea kiraka cha mfuko wa moyo wa ng'ombe, ili ule wake ubaki mzima na urudishwe mahali pake mbele ya moyo wakati wa kufunga. Utando huo ndio utakaouzuia moyo usigandamane na mfupa wa kidari, na mpasuaji wa mara ya pili ataushukuru. Toa hewa yote moyoni kwa kuongozwa na eko, achia aota, na kabla ya protamini, dawa ya kuondoa nguvu ya heparini, kutolewa eko ithibitishe kwamba hakuna kilichobaki, kiraka hakivuji na vali zinafunga. Kidari cha mwenye kotisoli nyingi kifungwe kwa waya za ziada.

Kifua kinapofunguliwa tena

Kinachoua katika upasuaji wa kurudia mara nyingi ni kuingia kifuani, kuliko uvimbe wenyewe. Vibandiko vya kushtua moyo viwekwe mgongoni na ubavuni kabla ya kumfunika mgonjwa, damu iwe imeshafika chumbani, na mishipa ya paja iwe imefunguliwa au angalau imepakwa dawa na kufunikwa tayari. Kama CT imeonyesha ventrikali ya kulia imegusa mfupa, mashine ianzishwe kwenye paja kwanza ndipo kidari kikatwe kwa msumeno wa kutetema, polepole, tabaka la nyuma likiachwa la mwisho. Hapa ndipo njia ya ubavu wa kulia inapopata nafasi yake halali: uvimbe uliorudi katika atiria unaweza kufikiwa humo bila kukigusa kidari kilichoshikamana. Mvutano uliopo ni kwamba kuyachambua makovu kunalazimu moyo kushikwashikwa huku uvimbe ukiwa bado ndani. Kwa hiyo chambua sehemu inayohitajika tu kwa aota na kwa mkato, bana aota, na mengine yaendelee moyo ukiwa umesimama.

Wapo wagonjwa ambao baada ya upasuaji wa tatu au wa nne moyo umejaa viraka na makovu kiasi kwamba kupandikizwa moyo mwingine hujadiliwa, na umeshafanyika kwa wachache. Seli za moyo uliotolewa na mtu mwingine hazina jeni mbovu, jambo ambalo ni faida, ingawa dawa za kushusha kinga kwa mwenye ugonjwa unaozaa vimbe sehemu nyingine za mwili zinataka kufikiriwa sana.

Baada ya upasuaji na miaka inayofuata

Katika ICU tazama mambo yaleyale ya upasuaji wowote wa moyo, ukiongeza mawili. Mapigo ya atiria yasiyo na mpangilio na kuziba kwa umeme wa moyo ni ya kawaida baada ya ukuta wa kati kukatwa, kwa hiyo nyaya za muda za betri zisitolewe upesi. Na presha inayoshuka bila damu kupotea, kwa mgonjwa ambaye tezi zake hazijulikani vizuri, itibiwe kama upungufu wa kotisoli huku majibu yakisubiriwa. Haidrokotisoni haitamdhuru kwa siku moja.

Mwanapatholojia aombwe apime kama protini ya PRKAR1A imepotea ndani ya uvimbe, kwani kupotea kwake kunaweza kuelekeza kwenye ugonjwa wa Carney hata pale ambapo vidoa havionekani. Damu ya kipimo cha jeni ichukuliwe kabla mgonjwa hajaondoka, hata kama italazimu kusafirishwa nje ya nchi. Baada ya hapo eko ifanyike kila baada ya miezi sita maisha yote, tofauti na mgonjwa wa Carney ambaye hajawahi kuwa na miksoma, anayehitaji moja kila mwaka. Aliyewahi kupata kiharusi cha miksoma aendelee pia kupigwa picha za mishipa ya ubongo mara kwa mara, kwa maana vipande vilivyokwama humo huweza kudhoofisha ukuta wa mshipa na kuutunisha miaka mingi baadaye. Barua ya kutoka hospitalini iwe na mchoro uleule wenye namba, aina ya kiraka, njia iliyotumika kuingia na jinsi mfuko wa moyo ulivyofungwa, na nakala yake apewe mgonjwa mkononi, kwa kuwa mafaili hupotea na wapasuaji huhama.

Wazazi, ndugu wa tumbo moja na watoto waitwe. Mtoto wa mgonjwa afanyiwe eko ya kwanza ndani ya miezi sita ya kuzaliwa na kisha kila mwaka. Pale ambapo hitilafu ya jeni ya mgonjwa imepatikana, jamaa ambaye kipimo kimeonyesha hana hitilafu hiyohiyo anaweza kuachishwa eko za kila mwaka, na watoto wake hawahitaji kuitwa. Pale ambapo haikupatikana, kipimo safi cha jamaa hakimwondoi kwenye hatari, na njia pekee ya kumlinda ni kuendelea kuuangalia moyo wake mwaka hadi mwaka.